Hongo ya Kigari Chekundu

Gongoni, Tabora
14 Februari 1976

Kwa mpwa wangu Abasi, uliyeko Sofia kwa Wabulgaria.

Pokea salaam nyingi kuliko majani ya tumbaku ya Usoke. Sisi huku wazima. Mama yako Mwanne mguu umepona, sasa anapita nyumba hadi nyumba, mpaka balozi wa nyumba kumi amelalamika kwamba anamfanyia kazi yake. Mvua imenyesha vizuri. Cherehani yangu bado inanguruma pale barazani, na juzi nimemshonea mkubwa mmoja suti ya Kaunda, kwa jina simtaji lakini akipita anapunga mkono. Ilimkaa vizuri hivi kwamba mkewe alimwamkia shikamoo bila kufikiri.

Sasa tuje kwenye amana yako. Gari lipo. Limelala uani chini ya turubai, jekundu kama siku ulipoliacha, nami nimeshika masharti yote: kuliwasha kila Ijumaa baada ya sala, kuliacha lingurume kidogo, kulizima, na kutolitembeza hata hatua moja mpaka urudi na cheti chako.

Watu wanakuja kulitazama. Wanauliza, "Mfaume, gari gani hili halina mkia?" Nawaeleza kwamba magari yenye mkia ni ya wazee na wakuu wa idara. Hili limekatwa nyuma makusudi, lina mlango mgongoni, upepo ukifika pale haupati pa kushika. Gari la mkia ni mbuzi aliyeshiba. Hili ni mbuzi aliyeona chui. Balozi naye akaja, kakunja uso: "Fundi cherehani na gari la mbio, huo si ubwanyenye?" Nikamwambia, ndugu balozi, hili ndilo gari la Ujamaa kuliko yote wilayani, kwa maana asubuhi ya baridi haliwaki mpaka lisukumwe na mtaa mzima. Akacheka, naye akasukuma.

Kuhusu matengenezo lala usingizi. Mafundi wa magari wana majivuno ya bure. Gari ni cherehani yenye magurudumu: kuna kinachozunguka, kuna kinachopanda na kushuka, na petroli ndiyo uzi. Nimelitia mafuta ya cherehani kila palipo na tundu. Kiti cha dereva kilichokuwa kimefumuka nimekishona kwa uzi wa turubai, na sasa kiti kitaishi kuliko gari.

Nina swali dogo, kwa ajili ya elimu tu. Tuseme mtu, si mimi, yuko ndani ya gari kama hili na mbele yake pana mchanga mwingi. Aingie kwa gia ya pili au ya tatu?

Mimi mjomba wako, fundi wa vyote vinavyozunguka,
Mfaume Lukumani


Sofia
20 Machi 1976

Mjomba Mfaume,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu. Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya moshi wa jiko la nyumbani, nikaiacha wazi mezani siku nzima. Mimi sijambo. Theluji bado ipo, imekuwa chafu kama unga uliomwagika sokoni. Darasani tunafungua injini za matrekta. Jumapili nakwenda kula kwa watu fulani hapa mtaani, nao wanakula mtindi kila mlo kama watu wa Nzega.

Mjomba, kwa heshima zote, kaa chini ndipo uendelee kusoma. Gari si cherehani. Mafuta ya cherehani ni mepesi kama maji ya mchele. Injini ya gari dogo la mbio inazunguka haraka kuliko ya lori, ina joto kuliko lori, na haina huruma ya lori. Ikikosa oili nzito inajitafuna yenyewe. Kama umeyatia penye kifuniko cha oili, yamwage yote leo, utie ile niliyoiacha kwenye debe chini ya kitanda chako. Kama umeyatia kwenye kabureta, usiniambie.

Naona unalitazama gari kama kitu cha kuonyeshwa watu. Mimi nililichukua kwa yule Mtaliano aliyekuwa akichimba visima kwa sababu ya sauti yake. Gari kubwa hukubeba tu. Gari kama hili hukuuliza. Kila kona linakuuliza, una hakika? Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kwa hiyo katikati ya kona ukikanyaga breki umelijibu vibaya. Lazima uendelee kutia mafuta kidogo, hata kama moyo unakataa. Kulitunza nako ni kulisikiliza. Plagi ukizitoa ziwe na rangi ya biskuti. Zikiwa nyeusi, linakunywa petroli kupita kiasi. Zikiwa nyeupe, lina homa. Kabureta zake mbili lazima zivute pumzi sawa: weka mpira mdomoni mwa moja, ncha ya pili sikioni kwako, sikiliza, kisha nenda kwa mwenzake. Zikipishana, litakwenda kama punda wawili waliogombana.

Halafu umeandika kwamba hujalitembeza hata hatua moja. Umeandika pia kwamba mtaa mzima ulilisukuma. Mjomba, lilisukumwa likiwa limesimama?

Jibu la swali lako ni gia ya pili. Lakini huyo mtu asiingie mchangani.

Mama aliwahi kuuliza kama nimepata mtu. Mwambie huku baridi ni kali sana.

Mpwa wako,
Abasi


Gongoni, Tabora
2 Mei 1976

Mpwa wangu Abasi,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imesafiri kama msafara wa babu yangu Lukumani, ambaye, kama hukuambiwa vizuri, alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, pembe ambayo wengine waliibeba wawili wawili, na mkono uliobaki akashika mwavuli wa Mwarabu. Na njiani alikuwa akiimba. Huku habari ni njema. Petroli ni ya kutafuta, na Jumapili mchana serikali bado imekataza magari binafsi kutembea, basi mimi siku hiyo huenda uani nikaketi ndani ya gari likiwa limezimwa, nikasoma gazeti. Polisi hawana neno, na heshima haipungui.

Mafuta ya cherehani nimeyamwaga. Yalitoka meusi kama kahawa ya sokoni, nikajua yalikuwa yamefanya kazi yake. Kuhusu kabureta ulisema nisikuambie, nami nimetii. Plagi nimezitoa, lakini biskuti siku hizi hazionekani dukani, nikakosa cha kulinganishia. Mama yako akasema rangi ni ya chapati iliyosahaulika jikoni. Nimezipiga brashi ya nguo. Mpira wa kusikilizia nao niliuweka, nikasikia kitu kama bahari, ingawa bahari sijaiona.

Kuhusu kusukumwa: lilisukumwa kwenda mbele, kisha likasukumwa kurudi nyuma. Ukitoa moja kwa nyingine hakuna kilichobaki.

Sasa nikupe hadithi upate joto. Kuna mtu mmoja wa hapa mjini, mtu mzima, mpole, anayeheshimika, alikuwa na haja ya kwenda Usoke. Naye alikuwa na gari dogo. Anatoka mjini, na treni ya Kigoma nayo inatoka. Dereva wa treni akapiga honi, honi yenyewe ya dharau, wewe unaijua. Yule mtu akasema, haya, babu yangu alitembea njia hizi kwa miguu, leo chuma hiki kinitukane? Akakanyaga. Abasi, kanga walioruka mbele yake aliwapita wakiwa bado hewani. Penye kijidaraja gari liliruka, likakaa juu muda wa mtu kusema bismillahi yote. Abiria wa daraja la tatu wametoka madirishani mpaka viunoni, wanashangilia, mmoja kaangusha kofia, na ile kofia ikachelewa kufika chini. Alipofika Usoke aliegesha, akaagiza chai, akainywa kwa kupuliza, ndipo treni ikaingia ikihema.

Na kwa kuwa usukani wa magari ya Kitaliano uko kushoto, penye kupita lori haoni mbele, basi mama yako aliketi kulia, kichwa nje, akipiga kelele, "Hakuna mtu, pita!" Yaani dada wa huyo mtu.

Mchangani gia ya pili haifai. Ni ya tatu, na dua.

Mjomba wako asiyepitwa,
Mfaume


Sofia
11 Juni 1976

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini dada wa yule mtu mzima anayeheshimika hajambo, na shingo yake haikuumia dirishani.

Sina nguvu ya kugomba kwa barua inayochukua mwezi, maana kila ninapokukataza jambo utakuwa umekwisha kulifanya. Nitasema moja. Uliniapia mbele ya mama kwamba ni amana. Gari hilo sijampa rafiki yangu hata kulizungusha uwanjani. Nililiosha mwenyewe, nikalifungua mwenyewe, kila bolti yake naijua kwa mguso.

Kwa kuwa limeruka, lala chini ulitazame. Springi za mbele zisiwe zimepasuka. Ukikata kona hadi mwisho ukasikia mlio kama mtu anayetafuna karanga, hizo ni jointi za mbele zinakufa. Usiendelee hata kidogo. Usitie grisi juu juu ukadhani umetibu.

Sasa nina habari nyingine. Eustace, yule mtoto wa katekista wa Usoke ninayesoma naye, anamaliza mwezi wa saba. Gari nimempa yeye. Atafika kwenu mwezi wa nane kulichukua. Mpe funguo, na turubai pia. Ni mambo ya mipango ya kazi tu, hayana maelezo marefu.

Huku joto limeanza. Watu fulani walinipeleka mlimani, tukala cheri, matunda madogo mekundu, papo hapo mtini.

Wako,
Abasi


Gongoni, Tabora
19 Julai 1976

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila kumetokea msiba Ziba: mzee Mahona, ndugu yake babu yako, amefariki akiwa ameshiba miaka. Alizikwa kwa heshima. Mwombee.

Barua yako nilimsomea dada. Nilipofika pale kwa Eustace akaweka ungo chini. Hakusema neno, na wewe unajua mama yako akinyamaza hiyo ni taarifa ya habari. Mimi nilisema. Nilisema, Eustace? Yule aliyeendesha baiskeli akaingia kwenye pipa la maji la misheni? Gari lililoishinda treni?

Hata hivyo nina furaha kukuarifu kwamba kwa sasa halichukuliki. Limepumzika Ziba. Hewa ya Ziba ni kavu, inafaa sana kwa kabureta, na linatunzwa na mtu mwenye uzoefu wa mashine za reli. Tena lina abiria watulivu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini dada amekuja kusimama nyuma ya bega langu, anasema niandike maneno yake kama yanavyotoka. Kusoma hajui, ila anaangalia kama mkono unakwenda. Basi haya ni yake:

"Abasi mwanangu. Mjomba wako ni mwongo lakini mwandiko wake ni mzuri. Basi la Nzega lilikuwa bovu, akasema twende msibani kwa gari. Nikamwambia, Mfaume, kule Ziba yupo mzee Chilongani. Akasema, Chilongani ni mzee, atanifanya nini."

(Sikusema hivyo. Nilisema atatufanya nini.)

"Unamjua Chilongani, yule Mgogo aliyekuja na kazi ya reli akaoa Ziba akabaki na ng'ombe wake. Mtani wetu. Tumefika, watu wanalia, naye katoka kajifunga mkeka kiunoni, analia kuliko wafiwa: 'Uwii, Mnyamwezi amekufa, sasa nani atanibebea mizigo!' Watu wakaanza kucheka na machozi yao. Halafu akaliona gari. Akalizunguka, akaligonga na fimbo. Akasema, 'Hongo.' Mfaume akasema, hongo ya nini mtani? Akasema, 'Babu zenu walipita Ugogo na pembe, wakanywa visima vyetu, wakala mtama wetu, hongo ya njia wakatoa nusu wakakimbia usiku. Leo mnapita na chuma chekundu. Shuka.' Mjomba wako akashuka."

(Msibani hubishani na mtani. Hata jaji angeshuka.)

"Akafungua boneti, akachomoa kile kidude kidogo kinachogawa moto, Mfaume anasema kinaitwa rota, akakitia ndani ya kikopo chake cha ugoro, akakifunga. Gari likavutwa na ng'ombe hadi zizini kwake. Sisi tumerudi Tabora juu ya lori la pamba. Kuku wake wanatagia mle nyuma, ule mlango wa mgongoni umewafaa sana. Mtani hakasirikiwi, mwanangu, na mimi sina hasira. Ila nakuuliza. Eustace anakuja. Wewe je?"

Mwisho wa maneno yake. Sasa ameondoka. Nakuongezea kwamba ng'ombe walishindwa kulivuta mpaka nilipoliimbia.

Mfaume


Sofia
25 Agosti 1976

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye tramu, nikapitishwa vituo vyangu vyote.

Likomboeni! Mtani huwa anataka kitu kidogo cha kuchekea, kuku, mbuzi, shuka. Mpe anachotaka. Rota isikae na ugoro: ugoro unavuta unyevu, na ikipata ufa mdogo kama unywele moto utapotea. Aifute kwa kitambaa kikavu. Betri aitoe, aiweke juu ya ubao. Gari lisimamishwe juu ya matofali, tairi zisibebe uzito zikiwa zimelala. Kuku watolewe. Mavi ya kuku yanakula rangi, Mjomba, hiyo ni kemia, si utani.

Eustace ameshaondoka hapa, labda ameshafika. Nimemwahidi. Usinifanye mwongo mbele ya mtu.

Mwambie mama kuna nyongeza kidogo ya masomo. Walimu ndio wanaopanga, mimi sina sauti. Mwambie nakula vizuri, koti ninalo, na watu fulani wananisaidia kufua.

Abasi


Gongoni, Tabora
30 Septemba 1976

Mpwa wangu Abasi,

Marahaba. Wote wazima. Mvua bado, vumbi ndilo linalotutawala. Mama yako ameuliza watu fulani ni watu wangapi, nikamwambia sijui, akasema yeye anajua.

Eustace alifika. Kavaa koti zito la Kibulgaria katika jua la mwezi wa tisa, anatiririka kama chujio, lakini hakulivua. Kijana mzuri, anasalimia kwa adabu. Tukapanda lori mpaka Ziba. Gari tulilikuta salama kabisa. Jogoo mmoja yuko juu ya usukani. Chilongani katoka nje na kigoda, kakaa mbele ya boneti kama afisa wa forodha.

"Mwenye chuma ni nani kati yenu?"

"Mimi, babu," Eustace akasema. "Nimepewa."

"Nani kakupa?"

"Abasi."

"Abasi yuko wapi?"

"Ulaya, babu."

"Anarudi lini?"

Abasi, Eustace ni mtoto wa katekista. Hajui kusema uongo, na hilo ndilo kosa kubwa la malezi yake. Alitazama viatu vyake. Akavitazama sana. Mimi niliyazoea maneno yako, mipango ya kazi, nyongeza kidogo, baridi ni kali, nikawa nayapokea kama mtu anayepokea chenji bila kuitazama. Lakini vile viatu nilivisoma vyote.

Chilongani naye akavisoma. Akasema, "Mimi hongo sipokei kwa wakala. Wanyamwezi walipita wenyewe, kwa miguu yao. Aje mwenyewe aseme napita."

Sasa nikuambie jambo, na usidhani naona haya. Chilongani tangu mwanzo alitaka jogoo mmoja tu. Jogoo! Baada ya ile barua yako ya kumpa Eustace gari nilikwenda kwa Chilongani peke yangu. Nikamwambia, mtani, utaniaibisha? Gari lililoishinda treni kwa jogoo? Omba zaidi. Akasema, "Niombe nini basi, na wewe fundi cherehani huna kitu?" Nikamwambia, omba mwenye gari aje mwenyewe. Alinitazama, kisha akacheka mpaka ugoro ukamtoka puani. Akasema, "Mnyamwezi, leo kwa mara ya kwanza umebeba mzigo mzito kweli."

Kwa hiyo sitalikomboa, hata uniandikie kwa wino mwekundu. Matofali tumeweka. Betri iko juu ya ubao. Rota ameifunga kitambaa kikavu, na ugoro amehamishia kikopo kingine kwa heshima yako.

Mama yako anasema mtu hugawa vitu vya nyumbani akiwa ameshahama. Hakusema kwa kulia, alisema akipepeta mchele. Mimi sikuulizi unabaki huko kwa nini. Kubaki ni haki ya mtu. Hata babu Lukumani alikaa Bagamoyo msimu mzima, na kilichomweka hakikuwa pembe. Lakini alirudi, akaketi mbele ya mama yake, akasema kwa mdomo wake, kisha akafanya alivyotaka. Gari ni lako, utampa umtakaye. Ila utampa ukiwa umesimama Ziba.

Eustace amekubali. Amekula wali, amepewa mayai, amerudi Usoke na koti lake.

Mjomba wako,
Mfaume


Sofia
4 Novemba 1976

Mjomba Mfaume, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nilianza kuandika barua ya hasira nikaichana. Nikaanza ya maelezo, nayo nikaichana.

Wameniomba nibaki nifundishe karakana. Nilikubali tangu mwezi wa tano. Nilidhani nikianza kwa kugawa gari, yale mengine yatakuwa mepesi, yatajisema. Kumbe nilikanyaga breki katikati ya kona.

Nimepata likizo. Nitashuka Dar mwishoni mwa Desemba, nipande treni ya kuja Tabora. Kama nakuja kukaa au kuaga sijui bado. Nitajua nikiketi mbele ya mama. Nitakwenda Ziba kwa miguu yangu nikaseme napita.

Siji peke yangu. Nakuomba umuulize mtani, kwa heshima zote: Mbulgaria akiolewa na Mnyamwezi, naye anadaiwa hongo?

Abasi


Gongoni, Tabora
29 Novemba 1976

Mpwa wangu Abasi,

Marahaba. Tumepokea. Mvua imeanza jana.

Nilikwenda Ziba kumuuliza mtani. Alifikiri muda mrefu, akaita na wazee wengine wawili, wakashauriana kwa Kigogo nisisikie. Jibu ni kwamba Wabulgaria hawakupita Ugogo, hawakunywa maji ya mtu, basi huyo atapita bure na kupewa maziwa. Wewe utalipa yako na yake.

Dada anapaka chokaa kile chumba cha mbele. Mimi ameniambia nikae kimya nishone mapazia, nami nimekaa kimya, nashona.

Ila ana neno moja. Anasema umetuandikia gari zima, plagi kwa plagi, na mtu unayemleta hukutuandikia hata anaitwa nani. Hawezi kumwita "watu fulani" mlangoni kwake. Barua itachelewa. Piga telegramu. Ni jina tu.

Mfaume